Hesabu ya Vitanda

Nyuma ya risiti ya saruji
nimechora safu tatu kwa kalamu ya Nsia, ile ya kijani.
Ya kwanza: hoteli iliyo mle mle ndani ya bustani ya michezo, Kisongo,
ambako mtoto akiamka anaona mteremko wa maji kabla hajaona mswaki.
Usiku mmoja ni ada ya Elirehema ya muhula.
Nimeikata. Kisha nikaikata tena, isije ikafufuka.

Ya pili: gesti ya Mianzini,
vyumba viwili, maji ya moto mpaka saa mbili,
chai na chapati moja kwa kila kichwa
(Kundaeli, miaka minne, bado hajawa kichwa).

Safu ya tatu haina bei.
Nimeandika tu: kwa wifi, Kwa Mrombo.

Mbonea haoni kwa nini kuna safu.
"Dada yangu yupo Arusha, ana vyumba vinne,
tukalale gesti kama wauza mitumba?
Same wakisikia watasema nini?"
Same, ambako hajakanyaga tangu msiba wa babu yake,
bado inakaa naye mezani kila jioni,
inamwangalia anavyotumia hela.

Watoto wameshapiga kura.
Nsia anataka penye dirisha la Meru.
Elirehema anataka penye lifti, hata iwe ya kwenda ghorofa ya pili na kurudi.
Kundaeli anataka kulala ndani ya bembea.

Nami nimenyamaza, maana nilisikia.
Jumanne nilimpigia wifi Nakiete,
akasema karibuni, karibuni sana, vitanda vipo,
na nyuma ya hilo "vipo" ikapenya sauti ya kijana nisiyemjua:
"Mama mwenye nyumba, luku imekata,
wa chumba cha tatu anasema zamu si yake."
Simu ikafunikwa kwa kiganja.
Ilipofunuliwa wifi alikuwa anacheka, kicheko kirefu kuliko mzaha,
ananiuliza habari za mvua Singida.

Chumba cha tatu.
Kumbe kuna cha kwanza, na cha pili.
Kumbe tangu kiwanda kipunguze watu
nyumba imekuwa ikimlisha mwenyewe kipande kwa kipande.

Na angetulaza wapi, mwanamke yule
ambaye siku ya harusi yangu, nilipomwagiwa mchuzi,
alivua kitenge chake kipya akanifunga,
yeye akabaki na kile cha jikoni mpaka keki inakatwa?
Najua angetulaza wapi.
Angemwondoa mpangaji mmoja siku tatu, amrudishie kodi,
akope magodoro kwa jirani,
akope na tabasamu.

Mbonea nikimwambia atauliza.
Ni mtu mwema. Anauliza kwa sauti.

Basi dhambi nikaichukua, nikaivaa mwenyewe.
"Mimi foleni ya bafu siiwezi," nikasema.
"Nimeosha vyombo mwaka mzima, nikaoshe na vya likizo?
Mara moja tu nataka kutandikiwa kitanda na mtu asiye ndugu."
Akanitazama kama aliyeletewa mzigo wa mtu mwingine.
Siku mbili hakuniomba chumvi;
alinyoosha mkono akaichukua.

Tulilala Mianzini. Maji ya moto yaliisha saa moja kasoro.
Elirehema alipanda ngazi akitoa mlio wa lifti.
Dirisha la Nsia lilitazama tangi la maji la jirani,
naye akaliita Meru, akalichora,
akaliwekea na mawingu.

Jumapili tukaenda Kwa Mrombo kula mchana.
Milango mitatu ya korido ilikuwa imefungwa,
mbele ya kila mmoja ndala za kiume.
Mbonea alizipita akitafuta pa kuvulia viatu vyake.
Akala, akasimulia bembea lilivyomgeuza tumbo,
akanishtaki kwa dada yake, nusu utani, nusu si utani.
Wifi akatikisa kichwa: "Wake wa siku hizi!"

Jikoni, akinifungia ndizi za njiani kwenye gazeti,
hakuinua macho.
"Wifi," akasema, "asante kwa kiburi chako."
Akaifungua tena kamba,
akaongeza ndizi mbili.